Je, sehemu ya fungu la kumi ninaweza kumpelekea moja kwa moja bibi anayelea yatima?

Mkulima wa Kilolo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mkulima wa mahindi hapa Kilolo, na mwaka huu nimevuna magunia 20, ambayo sita kati yake yamekwenda kwa mtu aliyenikopesha mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Nimezoea kutoa fungu la kumi usharikani kila mavuno, wala sijawahi kujutia. Lakini jirani yangu ni bibi aliyezika watoto wake wawili, naye analea wajukuu wanne kwa kibarua cha kupalilia mashamba ya watu, ilhali magoti yake yamekwisha. Njia ya kwenda kanisani inapita mlangoni kwake, na safari hii moyo umenisuta. Je, nitakosea nikitoa gunia moja usharikani na la pili nikampa yeye, au nitakuwa nimemnyima Mungu kilicho chake? Na sehemu ya kumi naihesabu kwenye magunia 20 au kwenye 14 yaliyobaki?

Mzee wa Kanisa, Njombe

Kamwene, ndugu yangu. Kuhusu hesabu sitasema mengi: Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, nami naona mahindi yaliyolipa mbolea hayakuwa mafanikio yako, ingawa najua wapo watakaonipinga.

Kuhusu bibi, nakusihi usianze kwa kulipunguzia kanisa, kwa sababu sadaka hiyo ndiyo inayomtunza mwinjilisti wa mtaa, naye pia ana watoto. Ipo njia ambayo sisi tumeitumia. Mazao yanayoletwa ibadani hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya baraka, na anayenunua kuku, mkungu wa ndizi au debe la mahindi ana uhuru wa kukifanya kitu hicho apendavyo. Wapo wanaokirudisha kipigwe mnada tena, na wapo wanaokipeleka kwa mgonjwa au mjane. Peleka magunia yako, kisha wewe na wenzako wawili au watatu wa jumuiya mchange, mnunue moja wapo na kumfikishia bibi. Fedha itabaki usharikani, chakula kitafika kwake, na jumuiya nzima itakuwa imemkumbuka, jambo ambalo gunia lako peke yako lisingeweza kulifanya.

Mwalimu, Tukuyu

Njia ya mnada ni nzuri na nitaipendekeza hata kwetu, lakini sikubali kwamba kumpa bibi ni kulipunguzia kanisa. Tusome Kumbukumbu la Torati 14:28-29: kila mwisho wa mwaka wa tatu, fungu la kumi liliwekwa malangoni pa mji, na waliokuja kula wakashiba walikuwa Mlawi, yaani mhudumu wa ibada asiye na urithi wa ardhi, pamoja na mgeni, yatima na mjane. Wametajwa pamoja, katika agizo moja. Mwinjilisti wa mtaa na bibi wa Kilolo, kwa andiko hilo, wanakula kutoka ghala moja. Nasema hivyo nikiwa Mmoraviani, yaani muumini wa Kanisa la Moravian, na historia yetu hainiruhusu kunyamaza, kwa maana mwaka 1722 Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani, aliwapokea wakimbizi kutoka Moravia wakajenga katika ardhi yake huko Ujerumani, mahali palipoitwa Herrnhut, na wamishonari waliofika hapa Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lililohuishwa na watu hao. Mtu mmoja alitoa sehemu ya ardhi yake kwa wasio na pa kulala, na sisi tukapata Injili.

Mama wa Mafinga

Shikamooni, wazee wangu. Naomba niseme kama mtu aliyelelewa na bibi wa namna hiyo. Watu walitusaidia, na Mungu awabariki, lakini msaada ulikuja wakati wa mavuno, mwezi wa sita na wa saba, wakati ambapo hata sisi tulikuwa na mahindi ya kuokoteza mashambani. Njaa ilikuja Januari na Februari, mvua ikinyesha, mahindi mapya yakiwa bado machanga na debe likiwa limepanda bei, na hapo hakuna aliyebisha hodi. Siku moja gunia lilishushwa mbele ya waumini wote, tukaitwa majina tusimame tushukuru. Nilikuwa darasa la tano. Bibi alishukuru, lakini njiani hakusema neno, na Jumapili iliyofuata hakwenda ibadani.

Kwa hiyo, kaka, mpelekee jioni, mkeo aende naye, na msimwambie mtu. Mwulize kwanza kama anahitaji unga au ada ya kusagisha, kwa sababu mahindi yasiyosagwa hayapikiki ugali.

Mkulima wa Kilolo

Nawashukuru nyote, ujumbe wa mama nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na mke wangu. Gunia moja nimelipeleka usharikani Jumapili. La pili tumelitia katika mfuko wa kinga njaa, ule usiopitisha hewa ili mahindi yasiliwe na wadudu, liko darini, na mke wangu atalipeleka kwa bibi mwezi wa pili pamoja na fedha ya kusagisha. Mzee wa Njombe, jumuiya yetu inakutana Alhamisi, nami nitaleta suala la kuchangia mnadani bila kumtaja bibi huyu.