Wakaguzi wa modi za BUSSID, hiyo alama ya kijani mnaigonga kwa kuangalia nini?

Wakuu, leo mniwie radhi, nimekuja na hasira juu ya hizi modi, yaani magari ya kuongezea yanayotengenezwa na mashabiki, za Bus Simulator Indonesia (BUSSID), gemu la kuendesha mabasi kwenye simu.

Jana usiku nimeshusha modi ya basi la Yutong kwenye ile tovuti ambayo humu wote tunaijua, jina naliacha. Ina alama ya kijani kabisa, "Imekaguliwa". MB 180. Nimepitishwa kurasa nne za matangazo, faili limekuja kwenye zipu yenye nywila. Nywila iko wapi? Ndani ya video ya dakika 11, imekatwa vipande vitatu, cha mwisho kinapita sekunde moja kule kona ya chini. Bando langu linateketea huku nimekodolea macho kioo.

Haya. Nimeweka faili kwenye folda, nafungua gereji, gari lipo. Kwa kutazama ni zuri, mpaka maandishi ya kioo cha nyuma yamo. Nafika stendi, mlango haufunguki, abiria wanapenya kwenye bodi kama mashetani. Tairi za nyuma zimezama nusu kwenye lami. Waipa zinafuta hewa nje ya kioo. Usukani kushoto! Basi la Bongo, usukani kushoto, ndani ya gemu la Indonesia ambako nao wanaendesha upande wetu huu huu. Kona ya kwanza, spidi 40, limepinduka. Nikalirudisha barabarani, gemu likajizima. Simu yangu ina RAM ya GB 3, na mtu kachukua umbo la basi kutoka gemu la kompyuta kalibandika zima zima bila kulipunguza uzito.

Mtengenezaji simlaumu sana. Gari langu la kwanza mimi lilikuwa kama friji lenye magurudumu. Nawasema nyie mnaogonga alama. Fungua mlango, washa taa, kata kona moja, shika breki: dakika 5 hazifiki. Nimeuliza hivyo kwenye maoni, nikajibiwa "ni bure, kama hutaki acha", kisha maoni yakafutwa. Bure? Hela ya yale matangazo anakula nani?

Na hayo ya waipa ni madogo. Wiki iliyopita "modi" ya Scania iliwekwa pale kama APK, yaani faili la kusakinisha programu kwenye Android. Vijana wageni naomba msikie: modi ya gari ni faili la .bussidvehicle, gemu lenyewe ndilo linalisoma, hakuna cha kusakinisha. Ile APK ikaomba ruhusa ya kusoma SMS. SMS za simu ambayo ndiyo benki yako! Siku mbili ilikaa pale, kijani inawaka.

Msiniambie nakuza mambo. Juni 2023 upande wa gemu la Minecraft akaunti za watengenezaji zilidukuliwa, modi zenye virusi vya fractureiser zikapandishwa kwenye tovuti za CurseForge na Bukkit, vikawa vinaiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kompyuta za watu. Wale ni wakubwa na yaliwakuta. Sisi tunalindwa na mtu ambaye hata kuwasha basi hawashi.

Mimi kule sirudi mpaka jina la aliyekagua liandikwe chini ya kila modi, tujue wa kumshika shati.

Kama kuna mwenye modi ya basi la Zhongtong ambayo mlango unafunguka, aiweke hapa. Bila zipu.