"You might want to" ni amri au ushauri? Nimesemwa vibaya

Kadeti_Mchanga aliuliza:

Shikamoo wakubwa, na wenzangu mambo vipi. Nina miezi minne kadeti kwenye meli ya mizigo, mimi mtu wa Tanga, Kiingereza cha kidato cha nne nilifaulu vizuri tu. Juzi chifu ofisa wetu, Mwingereza, kapita sitahani na kikombe chake cha chai. Akatazama minyororo iliyofunga malori, akaniambia, "You might want to check those before supper," akaendelea na safari yake. Nikatafsiri kichwani: huenda ukapenda kuikagua kabla ya chakula cha jioni. Nikajiuliza, napenda? Sipendi, jua lote la siku ile limenipiga kisogoni. Nikaenda kuoga.

Saa mbili usiku nikaitwa briji, kule meli inakoongozwa, nikasemwa mpaka masikio yakawaka. Eti nimekaidi amri.

Amri ilikuwa wapi? Shule tulifundishwa "order", "command", "instruct", "direct", na kwamba sentensi ya amri huanza na kitenzi: "Go", "Stop", "Bring". Huyu hakutumia hata kimoja. Nitaijuaje siku nyingine?

Kuruta_wa_Zamani:

Pole kamanda. Sisi JKT hatukuwa na "huenda ukapenda". Nyuma... GEUKA! Basi. "Nyuma" inakuandaa, "geuka" ndiyo amri yenyewe, na ole wako ugeuke kabla haijatoka. Waingereza nao kwenye gwaride lao wanaikata hivyo hivyo vipande viwili, "About... TURN!" Kwa hiyo wanajua kuamrisha, ila huyo wako kaacha kipande cha pili chumbani kwake.

Mwalimu wa Jioni:

Kadeti, yale maneno manne uliyofundishwa mara nyingi ni ya kusimulia amri, siyo ya kuitoa. "He ordered me to check the chains" ndivyo chifu atakavyoandika habari zako kwenye ripoti. Ukimsikia mtu anakwambia usoni "I command you", ama anaigiza mfalme ama ana matatizo. "Order" yenyewe utaitumia sana mgahawani, kama sisi tunavyoagiza chai na kuagiza watu kwa kitenzi kimoja.

Amri nzito ya kazini huja kwa "You are to": "You are to be at the gangway at six." Hiyo haina majadiliano. Na jihadhari na "Would you mind": akikuuliza "Would you mind closing that door?" ukajibu "Yes" kwa heshima zote, umemwambia kwamba unaona kero kuufunga. Jibu ni "No", halafu unaufunga. Kila mwaka darasani kwangu hili linaleta ugomvi.

Wala usiwaone Waingereza ni watu wa ajabu. Mama mkwe wako akikaa barazani akasema, "Jua linazama na kuku hawajaingia," utamjibu kwamba ni kweli, jua linazama?

Mzee_Kana:

Marahaba mwanangu. Nimeshika usukani miaka 31, sasa nimetia nanga Makorora, nalea wajukuu.

Melini kuna Kiingereza cha namna mbili, na waliokupeleka wangekuambia. Cha briji kiko kifua wazi: "Port ten", "Midships", "Steady". Hakuna tafadhali. Nawe unairudia amri neno kwa neno kabla ya kuzungusha, na usukani ukishafika pale ulipotakiwa unasema tena. Ukirudia, aliyekosea anajisikia mapema, awe yeye au wewe. Cha sitahani na cha mezani kimevaa kanzu na koti juu. Chifu wako alikuwa amevaa koti.

Kwamba koti hilo ni la hatari, wenyewe wanajua. Mwaka 2001 IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, ilipitisha misemo sanifu ya mawasiliano baharini, na humo kuna maneno manane ya kutanguliza kwenye redio. Ukisikia "Instruction", anayesema ana mamlaka, unatii, labda uwe na sababu ya usalama, nayo uitaje. Ukisikia "Advice", uamuzi ni wako. "Request", mtu anaomba. Na wameonya kwa majina juu ya "may", "might", "should" na "could", kwamba zinachanganya watu. Yaani neno lilelile lililokupeleka bafuni.

Hata amri iliyo wazi lazima ujue inaamriwa nini. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, Murdoch, ofisa wa zamu kwenye Titanic, aliamuru "Hard-a-starboard", kulia kabisa, na pua ya meli ikaenda kushoto. Mshika usukani hakukosea. Enzi hizo amri ilikuwa ya kana, ule mpini wa usukani, si ya pua, na wewe wa Tanga unajua: sukuma kana kulia, ngalawa inakwenda kushoto. Waingereza waliiacha desturi hiyo 1933. Wazee walionifundisha mimi walikuwa bado wanaicheka.

Na ile Kanuni ya 5 ya kuzuia migongano uliyokariri, kwamba kila chombo "shall" kiwe na mtu wa kutazama na kusikiliza wakati wote: hiyo "shall" si ya wakati ujao ya mwalimu wako wa shule. Ni lazima, sasa hivi, hata ukiwa na usingizi.

Dawa yako ni ileile ya usukani. Akisema "You might want to", mrudishie ikiwa uchi: "Check the chains before supper, yes sir." Kama ulikuwa ushauri tu, atakwambia. Mimi sijawahi kumsikia mmoja akiniambia.

Kadeti_Mchanga:

Asante mwalimu, asante mzee wangu. Sasa nimeelewa na ya jana. Kanikuta nimeweka ndoo ya rangi mlangoni, akasema, "I wouldn't leave that there." Nikamjibu, "Me too, sir," nikaondoka, ndoo nikaiacha palepale. Ngoja niende kuitazama.