Ohio State walichapwa na Michigan nyumbani kwao afu wakabeba kombe, hii hesabu ikoje?

kijana_wa_tudor

Salaam wadau. Nna swali na naomba msinicheke. Mpwa wangu yuko Columbus anasoma, basi tangu aende huko kwenye gurupu la familia hakuna habari nyengine ila timu ya chuo ya Ohio State, Buckeyes (jina lao la utani) hivi Buckeyes vile, akawa anatutumia vipande vya ule msimu wa 2024 waliobeba ubingwa wa vyuo. Mi mtu wa Bandari na Arsenal, huo mpira wao wa Kimarekani (American football), wa kukumbatia mkononi, nlikuwa siutaki hata kuuona, lakini nkaanza kuangalia pole pole na sasa nshaingia mzima mzima.

Shida yangu ni moja. Wale jamaa walipoteza mechi mbili. Moja kwa Oregon 32-31, sawa, ugenini na pointi moja, yasameheka. Ya pili ni Michigan tarehe 30 Novemba, nyumbani, uwanja unaingiza watu zaidi ya laki moja, na Michigan yenyewe mwaka huo ilikuwa choka mbaya, inafika pale ishafungwa mechi tano. Wakalazwa 13-10! Hata fainali ya ligi yao ya Big Ten hawakuingia, walocheza ni Oregon na Penn State. Afu mwezi wa kwanza naambiwa haohao ndo mabingwa wa Marekani nzima.

Yani bingwa wa taifa si bingwa wa ligi yake mwenyewe? Kwa Premier League hii ingekuwa kesi. Na nikimuuliza mpwa anan'jibu "mjomba ile ya Michigan usinikumbushe". Mtu kombe kabeba na bado ana kinyongo, hapo ndo nkachoka kabisa. Nielezeeni.

---

baharia_mstaafu

Wa alaykum salaam kijana. Mimi nimekaa kule miaka ya ubaharia, nikaupata huo ugonjwa bandarini Houston, ngoja nikwambie.

Kosa lako waupima na Premier League. Kule daraja la juu msimu ule lilikuwa na timu 134 na kila moja yacheza mechi 12 tu za kawaida. Sasa 134 kwa mechi 12 zitakutana vipi? Haiwezekani nyumbani na ugenini, wengine hawaonani miaka na miaka. Kwa hivyo kuna kamati ya watu, wakaa mezani kila wiki kuanzia kama Novemba wakizipanga timu kwa macho yao, nani kampiga nani, nani mechi zake zilikuwa ngumu. Ndio, watu wazima wakaa kwenye hoteli wakijadili nani bora. Mimi nililipinga hilo tangu mwanzo na bado nalipinga.

Zamani kamati ilikuwa yachukua timu 4 peke yake, ilianza msimu wa 2014. Huo msimu wa 2024 ndo wa kwanza wa timu 12. Na hapa ndo jibu lako lilipo, baada ya Michigan kamati iliwaweka Ohio State nambari 6. Kwa sheria ya zamani wangekuwa nyumbani wakiangalia televisheni kama mimi na wewe. Mlango ulipanuliwa mwaka huohuo walipouhitaji.

Tena hawakupewa bure. Mabingwa wanne wa ligi, Oregon, Georgia, Boise State na Arizona State, walipumzishwa mpaka robo fainali, Ohio State wakasukumwa nyuma ya hao mpaka wa nane, wakaanzia raundi ya kwanza. Cha kuchekesha wale wanne walopumzishwa wote walitolewa kwenye mechi yao ya kwanza, hata mmoja hakubaki! Mwaka uliofuata ule mpango wa kuwapumzisha mabingwa wa ligi ukabadilishwa.

Kama wataka mfano wa mpira wako, Argentina 2022 walifungwa na Saudi Arabia 2-1 mechi ya kwanza. Kombe nani alilibeba?

---

mama_wawili_bamburi

Mzee umeeleza vizuri ila umeruka utamu wote, mechi zenyewe!!

Mi msimu ule nliufuata wote, mume wangu akanishangaa mpaka akazoea. Kwanza ile ya Oregon mnaipita haraka. Pale mwisho Ohio State wanatafuta yadi kadhaa tu wapate nafasi ya kupiga teke la pointi tatu, zimebaki sekunde 10, Oregon wakaingiza wachezaji 12 badala ya 11. Adhabu ni yadi tano, lakini mchezo ule ushakula sekunde 4, zikabaki 6. Kwotabeki wao (yule mrusha mipira) Will Howard akakimbia na mpira, kujilaza chini saa imekwisha. Kochi wa Oregon baadae akakaribia kukubali walikusudia, na wakubwa wa mchezo wakaja kuuziba huo mwanya. Ujanja huo uliwanyima Ohio State nafasi ya mwisho.

Ile ya Michigan sitaki kuitetea, hiyo walijifunga wenyewe. mipira ya Howard ilidakwa na maadui mara mbili, mpiga teke wao akakosa mara mbili, na wana wachezaji wepesi wa pembeni kama Jeremiah Smith, mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye hashikiki, lakini wanang'ang'ania kupita katikati kwenye ukuta wa Michigan kama wameapizwa. Zikiwa zimebaki sekunde 45 Michigan wakapiga teke lao, kwisha. Afu vijana wa Michigan wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikalika, polisi wakapuliza pilipili. Usiku huo kochi Ryan Day angepita pale Mwembe Tayari angezomewa hata na watu wasiojua mpira ni nini, watu walitaka afukuzwe kesho yake asubuhi.

Wiki tatu baadae wakaja Tennessee, mashabiki wao wamenunua tikiti chungu nzima hapohapo Columbus. Kufumba na kufumbua 21-0, mwisho 42-17. Nkasema hii timu ina hasira. Robo fainali, mechi inayoitwa Rose Bowl, wakakutana na haohao Oregon, nambari moja, hawajafungwa. Hiyo ilianza saa saba usiku huku kwetu, na kipindi cha pili kati ya vinne hakijaisha ilikuwa 34-0, nkadhani TV imekosea. Ikaisha 41-21.

Lakini kama wataka kuangalia kipande kimoja tu, mwambie mpwa akutumie nusu fainali na Texas. Ohio wanaongoza 21-14, Texas wako yadi MOJA kutoka mstari, dakika zimebaki chache, kila mtu ajua inakuwa sare. Texas wakatupa mpira pembeni, wakarudishwa nyuma yadi saba. Jaribio la nne, ndo la mwisho kabla ya kupokonywa mpira, kwotabeki wa Texas Quinn Ewers anatafuta wa kumrushia, Jack Sawyer akamfikia, mpira ukatoka, akauokota mwenyewe akakimbia nao yadi 83 mpaka mwisho, lile jitu zima linakimbia utadhani litaanguka njiani. 28-14. Na kumbe Sawyer na Ewers waliwahi kulala chumba kimoja, Ewers alianzia Ohio State 2021 kabla hajahama!

Fainali na Notre Dame kule Atlanta ilikuwa saa tisa na nusu usiku kwetu. Notre Dame wakaanza kwa kukaa na mpira karibu dakika kumi wakapata tachidauni (kuuvusha mpira mstari wa mwisho), nkasema yamekwisha, Ohio wakajibu pointi 31 mfululizo. Baadae ikawa 31-23, roho mkononi, jaribio la tatu wakihitaji yadi 11, Howard akamrushia yule mtoto Smith mpira mrefu wa yadi 56. Wakaisha 34-23.

---

kibokoni_halisi

Hadithi tamu lakini hamsemi pesa. Mkubwa wa michezo wa chuo chenyewe alisema wachezaji wa mwaka ule waligharimu kama dola milioni 20. Wanafunzi hao! Howard katolewa Kansas State, mkimbiaji Judkins katolewa Ole Miss, beki Caleb Downs katolewa Alabama. Tangu 2021 mchezaji wa chuo aruhusiwa kulipwa kwa jina lake na sura yake, na kuhama kumekuwa rahisi, sasa mwenye nacho ndo bingwa. Hapo mwanafunzi yuko wapi? Bandari wapewe robo ya hizo uone.

---

baharia_mstaafu

@kibokoni_halisi pesa ipo, sikatai, ila wao si peke yao wenye pesa kule. Na hilo lako lanipeleka kwenye swali la pili la kijana, la kwa nini mpwa wake ana kinyongo.

Katika timu ile kulikuwa na kundi la vijana walioingia 2021, Sawyer, Egbuka, Henderson, Tuimoloau na wenzao. Baada ya msimu wa 2023 wangeweza kwenda zao NFL, ligi ya kulipwa, wakachukue hela za wakubwa. Wakakubaliana warudi mwaka mmoja zaidi. Walikuwa hawajawahi kuipiga Michigan hata mara moja, na ubingwa hawana, hilo ndo lililowarudisha. Basi ubingwa wakaupata, Michigan hawakuipata. Wameondoka chuoni na mara nne wamecheza, mara nne wamefungwa. Sasa huyo kijana wa Columbus akivaa fulana ya bingwa akakutana na mtu wa Michigan ataambiwa nini? Ataambiwa 13-10. Hana jibu.

Ile mechi haihusiani na kombe kabisa. Ina hesabu yake peke yake, ya watani wa jadi, ya tangu 1897.

---

mama_wawili_bamburi

Na angalieni mwaka uliofuata ulivyowageuka. 2025 wakaenda Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, wakaipiga 27-9, mechi 12 zote wameshinda. Afu fainali ya Big Ten wakafungwa na Indiana 13-10, yaani matokeo yaleyale!, na robo fainali Miami wakawatoa 24-14. Mi ningechagua 2024 bila kufikiri mara mbili, lakini mimi sijazaliwa Ohio.

---

kijana_wa_tudor

Aisee nimeelewa sasa, shukran sana mzee, na mama wawili wewe ufungue chaneli kabisa. Kibokoni nawe hujakosea ila Bandari usiwaguse.

La mwisho, mechi za kawaida za Jumamosi zaanza saa ngapi za huku? Mpwa ananiambia "saa sita mchana" na mi sijui ni mchana wa nani.

---

mama_wawili_bamburi

Ya saa sita mchana wao ni saa moja usiku wetu, mpaka mwanzo wa Novemba wanaporudisha saa nyuma, kuanzia hapo ni saa mbili. Zile za usiku wao usijaribu kama Jumapili una kazi.