Naomba ushauri: mvinyo wa Dodoma wa bei nafuu kwa mbuzi choma, perege na pilau

Mhamiaji wa Ilazo

Wanajamvi, habari za jioni.

Nilihamia Dodoma pamoja na ofisi yetu, na ninaona aibu kidogo kukiri kwamba nimeishi miaka mitatu jirani na mashamba ya zabibu huku nikichagua mvinyo kwa kutazama picha iliyo kwenye lebo. Mwezi ujao wakwe zangu wanakuja kutoka Moshi kumwona mjukuu wao, na mke wangu ameamua kwamba mchana wa Jumamosi tutakula nyumbani: mbuzi choma, perege wa Mtera wa kukaanga, pilau ya nyama ya ng'ombe, kachumbari na pilipili ya kusaga. Baba mkwe anapenda mvinyo na hasiti kusema usipomridhisha. Mama mkwe hunywa kidogo tu, tena kitu kitamu. Wanywaji tutakuwa wanane.

Bajeti yangu ni shilingi 100,000 kwa mvinyo wote, na nisingependa chupa moja izidi shilingi 20,000. Mwaka jana nilinunua katika duka moja mjini chupa ya mvinyo mwekundu kutoka nje kwa shilingi 38,000, nikiamini kwamba bei ndiyo dhamana ya ubora. Tulipoifungua ilinuka siki na rangi yake ilielekea kahawia, na niliporudi dukani muuzaji alinieleza, kwa utulivu kabisa, kwamba mvinyo wa kweli ndivyo ulivyo. Tangu siku hiyo siamini bei wala muuzaji.

Nitafute mvinyo wa aina gani hapa hapa Dodoma, na kila chakula kiende na chupa ipi? Naomba kuwasilisha.

Mkulima wa Hombolo

Mkuu, karibu Dodoma, ingawa kwa miaka mitatu ulipaswa kuwa mwenyeji.

Tuanze na hesabu. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150, kwa hiyo watu wanane wakinywa glasi tatu kila mmoja utahitaji chupa tano, na bajeti yako inatosha bila kukopa. Kwa kiasi hicho cha fedha mvinyo wa hapa utakupa thamani kubwa kuliko wa nje, kwa sababu chupa iliyovuka bahari imebeba nauli, ushuru wa forodha na faida za watu wengi kabla haijafika Dodoma. Zaidi ya hapo, serikali kwa miaka mingi imekuwa ikitoza ushuru wa bidhaa ulio mdogo kwa mvinyo ambao zabibu za nchini zinazidi asilimia 75 ya malighafi yake. Kwa chupa ya nje ya bei ya chini, sehemu kubwa ya unacholipia siyo kinywaji.

Sasa aina za zabibu. Makutupora nyekundu ndiyo zabibu iliyozoeleka zaidi katika mashamba yetu, na hutoa mvinyo mwekundu wa kila siku. Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa, hutoa mvinyo mweupe wenye uchachu mzuri. Zipo pia Syrah na Aglianico. Hii ya pili ilitoka kusini mwa Italia na ina ukakasi mwingi, ule unaoukausha ulimi kama umekula zambarau ambazo hazijaiva. Ukakasi huo wataalamu huuita tanini, na usiuogope, kwa maana ukikutana na nyama yenye mafuta hulainika.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba sisi huvuna mara mbili kwa mwaka. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi, lakini wa Dodoma halali. Ni mkulima anayeuamsha kwa kupogoa, na baada ya takriban miezi minne huvuna. Mavuno ya Februari na Machi huiva mvua ikiwa bado inanyesha, hivyo maji huingia kwenye tunda, sukari hupungua na magonjwa ya ukungu hutusumbua sana. Mavuno ya Agosti na Septemba huiva kwenye kiangazi, jua kali na usiku wa baridi, na ukipima sukari unaona tofauti. Kwa bahati mbaya lebo nyingi hazitaji msimu, lakini ukinunua kiwandani au kwa mtengenezaji mdogo kule Hombolo, Veyula au Bihawana unaweza kuuliza, na anayekujibu bila kusita mara nyingi anaijua kazi yake. Bihawana pana historia ndefu katika jambo hili, kwani wamisionari wa Kikatoliki walihitaji divai ya misa.

Kuhusu chupa yako ya siki, nadhani haikuharibiwa na aliyeitengeneza, bali na rafu. Joto ndilo adui mkubwa wa mvinyo katika mji huu. Kabla hujalipa, tazama chupa imekaa wapi: ikiwa dirishani, jua la saa nane likiipiga, iache hata kama imepunguzwa bei. Pitisha kidole juu ya kizibo, maana kizibo kilichoinuka kidogo au chenye unyevu unaonata ni dalili kwamba mvinyo ulipata joto ukatanuka ndani ya chupa. Kagua stempu ya TRA kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu. Mwisho, soma lebo yote, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo kuna mvinyo wa choya na wa matunda mengine. Siyo mibaya, ila siyo unaoutafuta.

Mzee wa Kikuyu

Vijana mnalifanya jambo hili kuwa gumu kama mtihani wa darasa la saba. Mimi nimekunywa mvinyo wa Dodoma tangu mji huu haujawa na taa za barabarani za kutosha, na wageni wangu wote, wawe wa Moshi au wa Mpwapwa, huwapa mwekundu mtamu uliopoa, nao humaliza na kuuliza kama upo mwingine. Huu mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, hunywewa na watu wanaotaka kuonekana wamesafiri. Nunua chupa tano tamu, weka kwenye friji, kazi imekwisha.

Mpishi wa Majengo

Shikamoo mzee wangu. Sikupingi kuhusu kupoza, na kwa mama mkwe wa ndugu yetu chupa moja tamu ni ya lazima. Lakini utamu juu ya mbuzi choma, kisha utamu juu ya samaki, kisha utamu juu ya pilau, mtu akifika glasi ya pili anaomba maji.

Ndugu Mhamiaji, mimi hupika kwa ajili ya shughuli, na kwa uzoefu wangu kanuni ya nyekundu kwa nyama na nyeupe kwa samaki inasaidia nusu tu. Tazama kilichomo ndani ya chakula: chumvi, ndimu, mafuta na pilipili. Perege wako atakaangwa kwenye mafuta kisha atakamuliwa ndimu, na ndimu hiyo huufanya mvinyo usio na uchachu uonekane umelala kama maji ya jana. Kwa hiyo mpe Chenin Blanc kavu iliyopoa vizuri, ambayo pia itakata mafuta mdomoni. Chupa hiyo hiyo inafaa kwa kitimoto, kama siku nyingine mtaamua hivyo, na kwa kuku wa kienyeji wa kuchemshwa na tangawizi.

Mbuzi choma ndiye mwenye haki ya kupewa Syrah au Aglianico. Moshi wa mkaa, chumvi ya mawe na yale mafuta ya ubavuni huondoa ule ukakasi ambao Mkulima ameutaja. Jaribu kunywa funda moja kabla ya kula na funda la pili ukiwa na kipande cha ubavu mdomoni, utadhani umebadilishiwa chupa. Tahadhari iko kwenye pilipili. Kilevi na ukakasi huichochea pilipili, na mtu aliyechovya mnofu kwenye ile ya kusaga kisha akanywa mwekundu mkavu atahisi moto mara mbili. Weka pilipili pembeni, na anayeipenda sana mpe ile chupa tamu, kwa sababu utamu huituliza. Hapo mzee ana haki yake.

Pilau nimeiacha nyuma kwa makusudi. Ina bizari, mdalasini na karafuu, viungo vinavyofunika mvinyo mwepesi na kugombana na mzito, na mimi huipa Makutupora kavu ambayo haina makuu. Kachumbari usiipe kitu. Siki na kitunguu kibichi haviheshimu chupa yoyote. Mlenda nao, kwa wenyeji wenzangu mtakaouliza, nimejaribu mara nyingi na nimesalimu amri.

Mkulima wa Hombolo

Naongeza jambo moja. Watu husema mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani, lakini chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Ilazo mchana wa Oktoba inaweza kufika 30, na katika joto hilo kilevi hupanda puani na ladha hupotea. Uweke mwekundu kwenye friji dakika 30, na mweupe saa mbili au tatu. Umeme ukikatika, vika chupa kitambaa cha pamba kilicholowa uiweke kivulini penye upepo: hewa yetu ni kavu, maji hukauka haraka na kuondoka na joto, ndiyo kazi ile ile ya mtungi wa bibi.

Mhamiaji wa Ilazo

Wanajamvi, narudi na mrejesho kama nilivyoahidiana na nafsi yangu.

Nilinunua chupa mbili za Chenin Blanc, moja ya Syrah, moja ya Makutupora na moja tamu, jumla shilingi 86,000, na nne kati yake nilizifuata Hombolo mwenyewe. Mweupe uliisha wa kwanza, hata kabla perege hajaisha, jambo ambalo sikulitarajia. Baba mkwe aliionja Syrah, akakunja uso, nikadhani nimeumbuka. Alipopata ubavu wa mbuzi akaigeuza chupa polepole, akasoma lebo mpaka chini, kisha akauliza Hombolo ni kilomita ngapi kutoka hapa. Tunakwenda Jumatatu. Mama mkwe alikunywa glasi moja tamu na kusema kwamba inatosha, halafu akaomba nusu.

Makutupora imebaki robo. Je, itafaa mpaka lini?

Mpishi wa Majengo

Rudisha kizibo, iweke kwenye friji, na uinywe ndani ya siku tatu. Ikipita hapo imimine kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe baada ya kitunguu kuiva, kabla ya nyanya, uache ichemke mpaka harufu ya kilevi iondoke.