RAM gani haisumbui? Kompyuta inajizima na kujiwasha, naombeni ushauri

Mleta uzi: Wakuu habari zenu. Kompyuta yangu ya mezani, prosesa i5-6500, inaleta skrini ya bluu kisha inajiwasha upya. Ikitulia, inatulia kutwa nzima. Ikianza, usiku silali. Fundi kasema ni RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nitajieni RAM ya aina ya DDR4 ya kuaminika, nimechoka.

Bwana Shamba: Chukua Samsung, mjadala umefungwa. Yangu wanangu wanachezea gemu miaka yote na vumbi la Dodoma unalijua, haijawahi kukohoa.

Kifaru: Usinunue kabla ya kupima. Pakua MemTest86, programu ya kupima RAM, iweke kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo. Acha imalize mizunguko yote minne, hata ikikesha. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, bakiza RAM moja, pima. Weka ya pili, pima tena. Iliyo safi ihamishie na kwenye tundu jingine, maana wakati mwingine kibovu ni tundu.

Mleta uzi: Ahsante mkuu. Nilishapima kwa kile kipimo cha Windows, hakikuonyesha kitu.

Kifaru: Kile huweza kuruka makosa. Una RAM ngapi, na zote zilikuja na mashine?

Mleta uzi: Mbili. Moja ilikuja nayo, GB 8. Nyingine niliongeza mwezi uliopita, ya mtumba. Lakini hiyo ni ya kasi ya 3200 na imekimbia vizuri tu, sidhani kama ndiyo. Muuzaji namwamini, hata nimeshampa advansi ya nyingine mbili.

Dada wa Tabata: Yaani umetoa hela kwanza ndipo unaomba ushauri? Mdogo wangu, kuna mume wangu hapa alinunua friji hivyohivyo, mpaka leo tunaweka nguo.

Mchana Kweupe: Wadau, hii chai. i5-6500 upande wa DDR4 inaishia kasi ya 2133, na mazabodi (bodi kuu) za aina ya H110 haziipandishi. Hiyo 3200 imekimbia wapi? Huyu ni muuzaji anatafuta wateja. Weka picha.

Bwana Shamba: Nami nilishaanza kunusa.

Mleta uzi: Si chai jamani. 3200 ipo kwenye lebo. CPU-Z, programu ya kuonyesha vifaa vya kompyuta, inaonyesha 1066.

Kifaru: CPU-Z huonyesha nusu ya kasi ya DDR4, 1066 zidisha mara mbili, ndiyo 2133 yenyewe. Lebo inataja uwezo wa RAM, mashine inaishusha. Kijana hadanganyi. Sasa niambie, kompyuta unaifanyia nini?

Mleta uzi: Nahariri video za harusi. Nikishakopi nafuta kadi za kamera, zitumike harusi inayofuata. Kuna mafaili mawili yamegoma kufunguka, nikajua ni kadi.

Kifaru: Hilo ungelisema mwanzo! Usifute kadi tena. Kila faili unalokopi hupitia kwenye RAM. Ikiwa mbovu, faili linaweza kuandikwa kwenye diski likiwa limeharibika, na nakala ya akiba ikabeba uharibifu uleule bila onyo lolote. Kadi za yale mawili ziweke pembeni, zisirekodiwe juu, bado kuna programu za kurejesha. RAM ya mtumba ichomoe leo. Na za advansi usizichukue mpaka zipimwe mbele yako. Lebo ikisomeka kama PC4-2400T-R, hiyo R ni ya seva, kwako haitawaka.

Mleta uzi: Advansi hairudi mkuu, na Jumamosi nina harusi. GB 8 peke yake haitabeba.

Kifaru: Itabeba, itachelewa. Bibi harusi atasubiri video, lakini ndoa yake hairudiwi ili urekodi upya.

Mleta uzi: Nimeweka ile ya mtumba peke yake. Mzunguko wa kwanza haujaisha, makosa yamejaa skrini. Asubuhi niko dukani kwake.

Mchana Kweupe: Basi piga picha skrini hiyo pamoja na lebo ya RAM, uende nazo. Na mwambie akate ile advansi kwenye RAM mpya yenye garantii, usiombe pesa taslimu.