Mita janja ya zamani imeacha kutuma usomaji: je, ni lazima ibadilishwe?

Mpangaji wa Leicester
Habari zenu, wanajukwaa. Nyumba ninayopanga hapa Leicester, Uingereza, ina mita janja za umeme na gesi za kizazi cha kwanza, yaani SMETS1. Tangu nilipohamia kampuni nyingine ya nishati, mita hazitumi usomaji, skrini ndogo ya jikoni haionyeshi gharama, nami naletewa bili za makadirio. Je, nidai mita mpya, au zilizopo zinaweza kuunganishwa na mtandao wa pamoja?

Fundi Mita
Ndugu yangu, usikimbilie kudai mita mpya. Mita za SMETS1 zilifungwa wakati kila kampuni ilikuwa na njia yake ya mawasiliano, ndiyo maana mteja akihama, kampuni mpya mara nyingi hushindwa kuwasiliana nazo, ingawa zenyewe huendelea kuhesabu uniti kama kawaida. Dawa yake ni mtandao wa DCC, kampuni iliyopewa leseni mwaka 2013 ili iunganishe mita za wateja wa kampuni zote. Mwaka 2019 ilianza kuzihamishia huko mita za SMETS1 kwa awamu, kufuatana na aina ya mita. Programu ya ndani ya mita husasishwa kupitia laini ya simu iliyomo, hivyo kwa kawaida hakuna fundi atakayekuja kubisha hodi. Iandikie kampuni uliyo nayo sasa, wala si ile uliyoiacha, uipe namba zinazotambulisha nyumba yako, MPAN ya umeme na MPRN ya gesi, zilizo kwenye bili, na uulize kama mita zako zimekwisha kuhamishwa.

Bi Salma
Wakati ukisubiri, mwanangu, usikubali makadirio: kila mwezi piga picha inayoonyesha tarakimu pamoja na namba ya mita, uitume. Huku kwetu mita ya gesi ilichelewa kuliko ya umeme, kwa kuwa inatumia betri na hupitisha taarifa zake kwenye kifaa cha mawasiliano kilicho juu ya mita ya umeme.

Mpangaji wa Leicester
Ahsanteni sana. Na wakisema haziwezi kuhamishwa?

Fundi Mita
Hapo dai SMETS2, yaani mita janja ya kizazi cha pili, ambayo hufungwa bila malipo ya papo hapo. Wakisema kifaa cha mawasiliano ndicho kinachobadilishwa, kubali pia, maana vifaa vingi vya zamani hutumia mitandao ya simu ya 2G, ambayo nchini Uingereza itazimwa ifikapo 2033.