Ugonjwa wa Kleine-Levin: damu ya mwanangu inakwenda kufanya nini ng'ambo?

MamaWaWawili:
Ndugu zangu, mwanangu wa miaka 16 amepatwa na vipindi vinne vya usingizi mzito katika mwaka mmoja. Kila kipindi huchukua siku kumi hivi: hulala mchana na usiku, akiamshwa hujibu kama mtoto mdogo na kusema kwamba yote anayoyaona ni kama ndoto, kisha asubuhi moja huamka mzima kabisa. Kwanza aliitwa mvivu, halafu akashukiwa kutumia dawa za kulevya, mpaka daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alipoutaja ugonjwa wa Kleine-Levin. Sasa tunaombwa ridhaa ili sampuli ya damu yake itumwe kwa watafiti wa nchi nyingine. Je, yeye mwenyewe atanufaika?

Mchunguzi_wa_Usingizi:
Pole sana, mama. Nisikupe matumaini ya bure: sampuli hiyo haitabadilisha matibabu yake kwa sasa. Lakini zingatia kwamba ugonjwa huu unakadiriwa kumpata mtu mmoja hadi watano katika kila watu milioni moja, kiasi kwamba daktari anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Willi Kleine aliandika kuhusu wagonjwa wake huko Frankfurt mwaka 1925, Max Levin akafuata Marekani mwaka 1936, na kwa miongo mingi baadaye elimu yetu ilitegemea zaidi taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, ambazo hazitoshi kutenganisha chanzo na sadfa.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliufanya pamoja na wenzao wa nchi nyingine, ulikusanya wagonjwa 673. Kwa ugonjwa mwingine idadi hiyo ingeonekana ndogo. Kwa huu ni hazina. Ulionyesha uhusiano na eneo la jeni iitwayo TRANK1, ambalo lilikwisha kuhusishwa na maradhi ya kubadilika-badilika kwa hisia, na uhusiano huo ulijitokeza hasa kwa wagonjwa walioripotiwa kuzaliwa kwa shida. Hakuna hospitali moja ambayo ingeligundua hilo peke yake.

Daktari_Mstaafu:
Naongeza kuhusu tiba, maana hapo ndipo udhaifu wetu ulipo. Mwaka 2015 madaktari wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 130, na waliotumia dawa iitwayo lithiamu walipata vipindi vichache na vifupi zaidi. Hata hivyo wagonjwa hawakugawanywa kwa kura kati ya wa kupewa dawa na wa kutopewa, nao walijua wanachokinywa. Isitoshe, vipindi hivi huelekea kupungua vyenyewe kadiri kijana anavyokua, kwa hiyo ni vigumu kujua kama aliyepona ameponywa na dawa au na umri. Jaribio la kweli lingehitaji wagonjwa wa nchi nyingi wanaofuatiliwa kwa utaratibu mmoja. Akipewa lithiamu, damu, figo na tezi ya shingo zipimwe mara kwa mara. Wakati wa kipindi asiachwe peke yake, asiendeshe chombo chochote, wala msimlazimishe kukaa macho.

MamaWaWawili:
Nashukuru. Kabla ya kutia saini niulize nini?

Mchunguzi_wa_Usingizi:
Uliza sampuli itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani ataruhusiwa kuitumia, kama mnaweza kujitoa baadaye, na kama matokeo yatarudishwa kwa daktari wenu. Mwanao naye aelezwe, tena wakati yuko macho na akili imetulia. Damu ni yake. Pia anza daftari la tarehe za kila kipindi, saa alizolala na mabadiliko ya tabia, kwa sababu sampuli isiyo na historia ya mgonjwa huwasaidia watafiti kidogo mno.

MamaWaWawili:
Daftari nimelianza leo. Hilo la kuzaliwa kwa shida limenishtua: alizaliwa kitovu kikiwa kimemzonga shingoni, akachelewa kulia, na katika madaktari wote waliomwona hakuna aliyewahi kuniuliza. Nitaliandika kwenye fomu.